Kilo Kumi na Nane Zilizopotea Barabarani

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Miaka thelathini na moja nimenunua maharagwe mashambani na kuyauza kwa shule za Kampala, na kila ujanja ambao mtu anaweza kuufanyia gunia nimeuona kwa macho haya. Nimefungua gunia nikakuta mawe yamepangwa katikati kama mayai ya kuku. Nimeletewa maharagwe ya msimu wa juzi yamesuguliwa kwa mafuta ya kupikia ili yang'ae. Nimeona magunia yamelazwa kwenye sakafu yenye maji yanywe uzito, nimeona mizani imebandikwa sumaku kwa chini, na nimeona bahasha ya zabuni imefunguliwa kwa mvuke wa birika halafu ikafungwa tena vizuri kuliko alivyoifunga mwenyewe. Kwa hiyo mwalimu wa shule moja ya Nakawa aliponipigia simu, akasema anataka nije darasani kwake kucheza mchezo wa maharagwe na wanafunzi, sikushangaa. Nilijiuliza tu ni nani amemtuma.

"Hajji Marijan?" alisema. "Mimi naitwa Apio. Nafundisha ujasiriamali. Sokoni wameniambia hakuna anayejua safari ya maharagwe kama wewe."

"Nani sokoni?"

"Akina mama wanaochambua."

"Majina yao."

"Hajji, ni somo tu."

Vijana, mtu akikuambia jambo lake ni dogo tu, shika mfuko wako. Nilikuwa nimeshastaafu miaka miwili, lori nimeuza, magoti yamechoka kupanda juu ya magunia. Nilistaafu nikiwa bado na meno yangu yote na nyumba ya ghorofa Lubaga, mimi niliyeacha shule darasa la tano. Mtu kama huyo hapigiwi simu bure. Niliwaza: huyu ni wa kodi. Au shule inataka gunia la msaada na inaanza kwa kunisifu. Au ni mmoja wa wale waliochukua wateja wangu, anataka kujua nilikuwa nanunua wapi. Siku ya siku nikaegesha gari mbali na shule, nikaenda kwa miguu, nikamuuliza mlinzi kama kuna gari lolote la serikali limeingia asubuhi hiyo. Akasema limeingia la maziwa. Nikalitazama lile gari la maziwa muda mrefu.

Mwalimu Apio anasema kitabu hiki kitasomwa na wanafunzi watakaokuja baada ya darasa lake, kwa hiyo naeleza kila kitu kama kwa mtu asiyenijua. Naandika kwa sababu niliahidi, na ahadi yenyewe mtaikuta mbele. Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyotajirikia. Mkongo, Mkenya, Mwacholi, dereva na askari wa barabarani, wote tuligombana na kupatana ndani yake.

Kwanza mjue bambo ni nini, maana siku hizi mnanunua kwa picha za simu. Bambo ni bomba la chuma lenye ncha kali, limepasuliwa ubavuni. Unalichoma kwenye gunia lililoshonwa, bila kufungua mdomo wake, na maharagwe yanateleza ndani ya chuma mpaka kwenye kiganja chako. Hapo unatazama rangi, unatafuta mawe, unatafuta matundu ya fukusi. Halafu unachukua punje moja unaiuma. Ikipasuka kwa sauti, ni kavu. Jino likizama kama kwenye mkate, rudisha lori lako nyumbani, maana hayo yataota ukungu kabla hujalipwa. Sasa kuna kifaa chenye betri kinachosema unyevu kwa namba. Nimekiona. Betri ikiisha kinasema nini?

Aliyenifundisha ni Mzee Rehani, Mnubi mwenzangu, aliyekuwa na stoo nyuma ya soko la Nakawa. Alikuwa hasomi wala haandiki, lakini ukimwekea mkononi maharagwe ya nambale, yale yenye madoadoa mekundu, alikuambia yametoka upande gani wa barabara ya Masindi. Alinipa bambo lake la zamani na sheria moja: sampuli hairudishwi guniani. Ukishaitoa imetoka. Sababu yake ilikuwa nzuri. Ukiirudisha, mwenye gunia atasema umebaki na mazuri ukamrudishia mabovu, au mnunuzi atasema umechanganya. Kwa hiyo kilichotoka kwa bambo ni cha aliyelishika. Unatia mfukoni, unatia kikapuni, hakuna anayeuliza. Soko zima tulifanya hivyo na bado wanafanya.

Sheria nyingine nilijifunza kwa kuumia. Zabuni yangu ya kwanza niliipoteza kwa ajili ya ukweli. Shule inataka kilo moja ya sampuli iende pamoja na bahasha ya bei. Mimi mjinga nikachota kilo kutoka guniani, na vumbi lake na majani yake. Wenzangu walileta kilo zilizochambuliwa punje kwa punje, unadhani ni shanga za bibi harusi. Mtunza fedha aliipiga ile yangu jicho akauliza kama nimefagia stoo. Mwaka uliofuata nikawalipa akina mama watatu, wakanichambulia kilo moja tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nikashinda. Siku ya kuleta mzigo mtunza fedha akatoa chupa ya sampuli kwenye kabati lake, akaiweka juu ya mdomo wa gunia langu, akatazama juu, akatazama chini.

"Hajji, hawa ni ndugu?"

"Ni ndugu, afande. Baba mmoja."

"Mama tofauti, basi."

Magunia kumi yalichambuliwa upya pale pale uani, siku mbili, wapishi wakinicheka huku wanakoroga ugali wa posho. Tangu hapo kilo yangu ya sampuli ilitoka ndani ya gunia lile lile nitakaloleta. Huo ndio mtaji wangu, msiwaambie watu.

Haya, darasani. Niliwakuta arobaini na kitu, meza zimesogezwa, na kamba ya manila imefungwa kutoka meza hadi meza kuzunguka chumba kizima. Kila meza ilikuwa na karatasi: mkulima, mchuuzi wa kijijini, dereva wa lori, mwenye stoo, msambazaji, mpishi, na mwisho mwanafunzi mwenye sahani. Mwalimu Apio ni mwanamke mwembamba, amelelewa kambi ya polisi Naguru, na anaongea polepole kama anayeandika maneno yako kichwani. Hilo pia sikulipenda.

Akasema nianze kwa kuwapa mfano kutoka kazini. Nikawapa mfano ambao nilikuwa nautoa kila mahali, misibani, harusini, kwenye baraza la msikiti. Niliwasimulia jinsi nilivyomnasa Okot.

Okot alikuwa dereva wangu miaka sita. Mtoto wa mwanajeshi, mtu mrefu, hanywi, haongei, anaosha lori hata mvua ikinyesha. Magunia sitini tunayapima kule tunakonunua, tunayaandika, tunapakia. Tukifika shuleni mtunza fedha anapima tena. Na kila safari pungufu ni kilo kumi na nane. Wakati mwingine kumi na saba, wakati mwingine kumi na tisa, lakini ndiyo hiyo. Niliongeza wapakiaji wa kumchunga. Nikabadilisha uzi wa kushonea, nikaweka mwekundu, maana kila mshonaji ana fundo lake na ukifungua njiani nitajua. Uzi haukuguswa, kilo hazipo. Nikasema huyu ni fundi kweli. Siku moja, mbele ya madereva wote pale egesho la malori Nakawa, nikamnyang'anya funguo, nikamwita mwizi, na nikamwambia kila mwenye lori aliyekuwepo kwamba atakayempa huyu usukani asije kulia kwangu. Hakuna aliyempa. Huo ni mwaka wa kumi na tisa sasa.

"Kwa hiyo," niliwaambia wanafunzi, "mwizi siku zote yuko barabarani. Tazameni dereva kwanza."

Mwalimu Apio akauliza, "Alikiri?"

"Mwizi gani anakiri, nyabo mwalimu?"

Msichana mmoja aliyekuwa amekaa kwenye meza ya dereva akaandika kitu kwenye daftari. Jina lake Nakato. Nikamwona.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Punje mia tano za maharagwe, zilizohesabiwa mbele ya wote, zinaanzia kwa mkulima na kufuata kamba, meza kwa meza. Kila meza ina kadi ya siri inayosema kitakachotokea hapo. Mwisho zinahesabiwa kwenye sahani, kadi zinafunuliwa, na darasa linakagua kila mkono uliogusa na kueleza kila punje ilikwenda wapi. Mimi nikapewa kazi ya mkaguzi wa shule: nina ruhusa ya kwenda meza yoyote, wakati wowote, kukagua. Nikawaambia, "Kabla hamjamaliza kuhesabu nitawatajia mwizi. Nikikosea nitawaandikia maisha yangu yote ya kazi, bure." Wakapiga meza kwa furaha.

Nilikagua kweli. Sikuacha meza. Kwa mkulima nikachota kidogo, nikatazama, nikauma moja, kavu. Kwa mchuuzi nikachota. Kwa Nakato nilisimama muda mrefu kuliko kote, nikachota kabla hajaondoka na nikachota alipofika. Yeye akanitazama tu. Kwa mwenye stoo, kwa msambazaji, kwa mpishi. Huko nikauma nyingine, tabia tu.

Wakahesabu kwenye sahani: mia nne na saba. Kadi zikafunuliwa. Panya wa stoo walikula ishirini. Kumi na tano zilimwagika barabarani kwenye mashimo. Mpishi alitupa kumi zilizooza. Hiyo ni arobaini na tano. Zilitakiwa zibaki mia nne hamsini na tano. Pungufu arobaini na nane, na hakuna kadi iliyosema.

Darasa likanitazama. Nikaenda moja kwa moja kwa Nakato.

"Dereva. Toa vilivyo mfukoni."

"Hajji, mimi sikuchukua."

"Wote husema hivyo. Toa."

Akasimama. Mfuko wa kwanza: kalamu na nusu ya chapati ndani ya karatasi. Mfuko wa pili hamna kitu. Nikamwambia avue viatu. Mwalimu Apio akasema, "Hajji, inatosha," lakini msichana alikuwa ameshavua, amesimama na soksi, akavikung'uta mbele yangu kimoja kimoja. Vumbi tu. Alikuwa amekaza taya, kama mtu anayezuia kulia. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, hata haniangalii, "Mwalimu, umesema kila mkono uliogusa ukaguliwe. Wa Hajji umegusa meza zote."

Nikacheka. Nilicheka, wanangu, nikatia mkono mfukoni mwa koti ili niwaonyeshe kwamba hamna kitu.

Zilihesabiwa juu ya meza ya dereva. Arobaini na sita. Mwenye sahani akasema bado mbili, na Nakato, akifunga viatu, akasema, "Mbili aliziuma."

Wakacheka mpaka darasa la jirani wakaja dirishani. Mimi pia nilijitahidi kucheka. Nikamwambia Mwalimu Apio kwamba amenitega, kwamba amempanga yule msichana. Akanijibu, "Hajji, mimi nilidhani utakuwa mkaguzi. Kadi zangu ziliishia kwenye panya na mashimo." Nilimtazama machoni ili nione uongo uko wapi. Nimezoea kuuona.

Nikamwambia Nakato, "Samahani." Akasema, "Sawa, Hajji," kama mtu anavyomwambia kondakta.

Nyumbani jioni ile sikula, na zile punje arobaini na sita nilikuta bado nimerudi nazo mfukoni. Mke wangu Halima aliniuliza kama ni presha. Nikamuuliza, "Tangu tuoane, umewahi kununua maharagwe?"

"Ninunue maharagwe, mume wangu ni Marijan?"

"Yalitoka wapi?"

"Si kile kikapu chako cha nyuma ya kiti. Cha sampuli."

Nikachukua kalamu. Baada ya mizani ya kule tunakonunua, bambo langu liliingia kila gunia mara tatu: tukipakia, tukifika stoo ya Nakawa, na langoni mwa shule, mbele ya mtunza fedha, ili aone bidhaa yangu haiogopi. Magunia sitini mara tatu ni michomo mia moja na themanini. Bambo moja linatoa kama gramu mia. Pigeni hesabu wenyewe, ninyi mmesoma. Mimi niliipiga mara nne, mara ya nne kwa kalamu nyingine.

Na kulikuwa na jambo ambalo lilitakiwa linishtue tangu zamani. Mtu anayeiba hapimi. Leo atachukua kilo tano, kesho arobaini, kesho kutwa ataogopa. Wangu alichukua kumi na nane kila safari kwa miaka sita. Na baada ya Okot niliajiri wengine wawili, mmoja baada ya mwingine, nao wakaiba kumi na nane zile zile, nikawafukuza, nikasema madereva wa mji huu wamefundishwa na mtu mmoja.

Nilijua Okot alipo. Siku zote nilijua. Analinda geti la nyumba ya watu Naguru, upande wa juu, na miaka yote nikienda huko nilipitia barabara ya nyuma. Nilijiambia ni kwa sababu ya foleni.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, sweta la ulinzi, redio ndogo gotini. Amezeeka vibaya magotini kama mimi. Nilibaki nje ya geti, maana sikujua kama kuna mbwa, na kama yupo, Okot atamwamuru nini.

"Marijan," akasema. Zamani aliniita bosi. "Umepotea?"

"Nimekuja kwako."

"Mwenye nyumba hanunui maharagwe."

Nikamweleza. Darasa, kamba, punje arobaini na nane, kikapu, michomo mia na themanini. Nilipanga maneno yangu vizuri, mimi ni muuzaji. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuzima redio.

"Kumi na nane," akasema. "Unanieleza mimi? Siku ile pale egesho, uliponishika shati, nilikuambia nini?"

Sikukumbuka. Hiyo ni kweli, sikukumbuka mpaka alipolisema.

"Nilikuambia, bosi, pima na kile kikapu. Ukageuka kwa watu ukasema, mnamsikia, anataka tupime na sampuli. Wakacheka. Wewe ulicheka kuliko wote."

Nikamwambia nitamlipa. Nikataja kiasi, kikubwa, nikamwambia anitajie chake kama hakitoshi.

"Pesa yako hapana."

"Kwa nini? Ni halali."

"Kwa sababu utaenda kusimulia. Utasema, nilimpa Okot pesa, akapokea. Na watu watasema, alipokea kwa nini kama hakuiba? Nakujua." Akapunguza redio. "Nunua gunia moja. Pale pale egesho, mbele ya walio hai. Lipimwe. Utasema kwa mdomo wako kilichokula maharagwe yako. Halafu mimi nitaliendesha mpaka kwa hao watoto wako, lipimwe tena. Na kile chuma nitakishika mimi."

"Una leseni?"

Hilo ndilo swali nililomuuliza, Mungu anisamehe. Akatoa pochi, akaifungua, akanionyesha kwenye vyuma vya geti. Leseni ya malori, haijaisha. Aliihuisha kila ilipoisha, miaka kumi na tisa, na hana gari, na hakuna anayempa.

Nitakuwa mkweli kwenu. Wiki ile yote nilikuwa bado namshuku. Nilijiuliza atanifanyia nini pale egesho, kama ameita watu, kama kuna mtu wa kupiga picha za simu. Nilitaka nitume gunia kwa mtu na mimi nibaki nyumbani na presha. Halima akaniambia, "Nenda, au nitakwenda mimi na kikapu." Bado anacho. Anaweka ndani yake vitunguu.

Egesho lilikuwa na wazee watatu wa siku zile na vijana wengi wasiojua chochote. Kati ya wale wazee mmoja ndiye aliyecheka sana siku ile ya funguo. Sasa haoni vizuri, mjukuu wake ndiye mwenye lori. Nilinunua gunia la nambale, likawekwa kwenye mizani ya namba. Kilo mia moja na gramu mia mbili. Okot akanyoosha mkono, nikampa bambo la Mzee Rehani. Nikasema. Sikusema vizuri kama ninavyoandika hapa. Nilisema, "Huyu Okot hakuiba. Nilikuwa nayachukua mimi na bambo, nakula nyumbani." Kijana mmoja akauliza mzee anaongea juu ya nini. Yule asiyeona akasema, "Sema tena, Marijan, sikusikia." Alikuwa amesikia. Nikasema tena. Akauliza, "Hao wawili waliomfuata nao?" Nikasema nao pia. Akatikisa kichwa akasema, "Na mimi nilimnyima usukani mara mbili, kwa neno lako," halafu akamtafuta Okot kwa mkono, hewani, mpaka akampata bega.

Tulipanda pikapu ya kukodi, Okot kwenye usukani, mimi pembeni, gunia kwenye kiti cha nyuma yetu. Okot alitia gia kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake mwenyewe. Kwenye taa za barabarani niligundua mkono wangu umeshikilia kona ya gunia, vidole vinapapasa, vinatafuta. Nilikalia mikono yote miwili mpaka shuleni. Okot aliona. Alihamisha bambo kutoka kwenye dashibodi akaliweka upande wake wa mlango.

Darasa lilitoka nje, nikawarudishia punje zao arobaini na sita ndani ya bahasha. Nakato ndiye aliyesoma mizani, Mwalimu Apio amesimama nyuma yake.

"Mia moja na gramu mia mbili."

"Soma tena," nikasema.

"Mia moja na mia mbili, Hajji."

"Lishushe, lipande tena." Wakalishusha, wakalipandisha. Namba ile ile. Nikainama nikatazama chini ya mizani kama kuna sumaku. Okot, aliyekuwa ameegemea pikapu, kwa mara ya kwanza akacheka, na Nakato akamwangalia, akamuuliza, "Wewe ndiye dereva?"

"Ndiyo mimi."

"Umefika na mzigo wote," akasema, na akaandika kwenye daftari lake.

Bambo lipo darasani kwenu, limening'inizwa ubaoni kwa ile kamba ya manila. Yule mjukuu wa egesho amempa Okot lori siku tatu kwa juma, kwa majaribio. Nimesikia hivyo, sijaenda kuhakikisha, ingawa natamani. Ninyi mtakaonunua na kuuza baada yetu, chungeni mkulima, chungeni dereva, chungeni mwenye stoo, sitawadanganya kwamba watu ni malaika. Ila mkipima gunia, pimeni na kikapu.

Nakato alikataa tuondoke bila risiti, kwa sababu kwenye somo lao kila mkono huandika. Tukaiandika juu ya boneti. Gunia, laki nne na ishirini elfu. Pikapu, elfu arobaini. Wapakiaji pande mbili, elfu sita. Nikajumlisha, nikatia sahihi, nikampa Okot aisome. Akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, halafu akaniuliza ile bahasha niliyowarudishia watoto punje zao arobaini na sita niliipata wapi. Nikasema nimenunua dukani, mia tano, haina maana. Akanirudishia kalamu. Nikaongeza na bahasha: shilingi laki nne sitini na sita elfu na mia tano.